Benchi la Kaa Kwanza

Benchi lenyewe ni la saruji, limeegemea ukuta wa dobi, na kama hujawahi kulikalia basi hujawahi kudanganywa ukaridhika. Mama Birika huweka jiko lake la mkaa ubavuni, na wateja wake wa kudumu ni watatu, wote watu wenye kazi zao, ila kazi hizo huzifanya saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Kuna Redio, kinyozi, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Kuna Wakili, fundi cherehani, anayetia kiraka cha methali hata pasipochanika. Na kuna Nahodha, ambaye chombo pekee alichowahi kukiongoza maishani ni mkokoteni. Wa nne ni mwenye ukuta, dobi mwenyewe, wanamwita Pasi. Huyu hukaa mwisho kabisa wa benchi, kiganja chake kikiwa juu ya maneno mawili yaliyochorwa kwa msumari saruji ilipokuwa mbichi: KAA KWANZA. Ndivyo marehemu mkewe alivyokuwa akimwambia kila aliyepita mlangoni pake, awe mgeni, awe mwenye haraka zake.

Alasiri hiyo upepo ulikuwa umekufa. Nguo za watu zilining'inia kambani kwa Pasi bila kutikisika, na bahari, inayosikika siku zote kutoka mwisho wa barabara, ilikuwa kimya.

— Kimbunga kinaingia kesho, alisema Redio. Watu wa bondeni wameshaanza kuhama na magodoro kichwani.

— Hakiingii, alisema Wakili. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hebu tazama juu. Liko wapi wingu?

— Hata mara ile ya mwisho wingu hatukuliona.

— Isitoshe, haraka haraka haina baraka. Kitu kinachokimbia namna hiyo, nakuapia, kitajikwaa njiani.

Nahodha alicheka, kisha akamwona Pasi, akameza kicheko chake na kahawa juu.

Pasi hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akisikiliza ndani ya nyumba, ambako binti yake alikuwa akimbembeleza mtoto. Mtoto alikuwa kichanga bado, kitovu hakijakauka. Binti alikuja kujifungulia kwa baba yake kwa kuwa mama hayupo, na akalala chumba kilekile alichofia mama. Pasi alikuwa amefunga mabati kwa waya, amepandisha nguo za wateja zilizokauka juu ya kabati, amejaza madumu. Paa hakuliogopa. Alichokiogopa ni bomba.

Maana mtaa huu una tabia yake, na asiyekulia hapa ataiona ni wazimu. Maji huja yanapotaka yenyewe, kwa hiyo hakuna anayefunga bomba. Kila nyumba huacha koki wazi na ndoo tupu chini yake, na maji yakija, ndoo ndiyo huwaamsha. Asubuhi baada ya kimbunga cha mara ile, barabara zote zikiwa zimezibwa na miti, ndoo ya Pasi iliita kabla ya ndoo za jirani. Mkewe alipiga vigelegele. Akatoka mlangoni anaita, "Maji yamerudi, jamani, njooni mchote!" Akanywa kikombe kizima kwa furaha, Pasi yuko juu ya paa anagonga misumari. Jioni tumbo likamshika. Hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitali, na akafa huku akiomba maji.

— Jamani, alisema Pasi.

Wote walimgeukia, kwa sababu Pasi huzungumza kwa nadra.

— Mnabishana kama kitakuja au hakitakuja. Kije kisije, mimi nataka kujua jambo moja. Yale maji ya mara ile yaliharibika vipi? Nina kichanga ndani. Nikijua yaliharibikaje, nitajua nifanye nini.

Hapo, bwana wee, kijiwe kilipata kazi.

— Hilo dogo, alisema Redio. Ni chumvi. Upepo ule hubeba bahari juu kwa juu, unaimimina kwenye matangi.

— Chumvi haiui, alisema Mama Birika. Ingekuwa inaua, nani angekula mchuzi?

— Chumvi ya kimbunga ni nyingine, mama. Ina hasira.

— Wacha uongo, Redio, alisema Nahodha. Mimi nawaambia bomba letu limeungana na bahari chini kwa chini. Bahari ikijaa, samaki huingia. Samaki mkubwa akifia kwenye kona, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, maji yote yanapita kwenye maiti yake.

— Umemwona wewe huyo samaki?

— Nitamwonaje naye yumo ndani ya bomba?

— Nyote hamjui kitu, alisema Wakili, akaweka kikombe chini kwa heshima zote. Kimbunga kina jicho, au hakina? Basi. Jicho huona, na penye jicho pana sikio. Zile koki zetu wazi hulia usiku kucha, fyuu, fyuu. Kimbunga husikia, kinajua hapa pana watu wenye kiu. Mwita maji hufika baharini.

— Methali haisemi hivyo.

— Inasema hivyohivyo ukiisikiliza vizuri.

— Kwa hiyo dawa yake nini? aliuliza Pasi.

Mama Birika alichochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.

— Dawa, alisema Redio polepole, ni kutia limau kwenye ndoo.

— Ni kugonga bomba kwa jiwe, samaki atoke, alisema Nahodha.

— Ni subira, alisema Wakili. Subira yavuta heri.

Pasi aliwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda watu hawa. Ndio waliolichimba kaburi, na ndio waliokaa naye barazani wiki zile ambazo alikuwa akipiga pasi nguo ileile mara mbili. Lakini alasiri hiyo alitamani awapige makofi. Mtu ana kichanga ndani, naye anaambiwa habari za samaki.

Ndipo alipotokea mpangaji mpya wa nyumba ya mwisho, mwanamke wa makamo, mshoni wa mashuka ya hospitali, aliyehamia juzijuzi. Mkononi alikuwa na spana kubwa yenye kutu.

— Shikamooni.

— Marahaba, dada. Kaa kwanza, alisema Nahodha, kwa mazoea.

— Sikai, kaka, asanteni. Nina swali tu. Koki kuu iko wapi?

— Koki gani?

— Ya kufungia maji yasiingie kwenye nyumba hizi. Mwenye nyumba kaniambia safu yetu nzima inanywea bomba moja, na koki yake ni moja. Kule nilikotoka vimbunga tumevizoea. Siku moja kabla, mnajaza vyombo vyote, kisha mnafunga koki kuu.

— Na kwa nini tusifunge hizi za ndani tu? aliuliza Redio.

— Hazitoshi. Bomba letu limepita ndani ya mtaro wa maji machafu, nimeliona kule juu. Likipasuka na maji safi hayana nguvu ya kusukuma, uchafu wa mtaro unaingia ndani ya bomba. Unatulia humo humo. Siku maji yakirudi, ule uchafu ndio unaotangulia, na wa kwanza kuchota ndiye anayeunywa.

Pasi alihisi mkono wake umekuwa mzito juu ya saruji. Wa kwanza kuchota. Aliisikia tena ile ndoo, akavisikia na vile vigelegele.

— Ukifunga koki kuu, mwanamke aliendelea, uchafu unaishia hapo. Hamfungui mpaka bomba lishonwe na lisafishwe. Mwenye nyumba anasema iko chini ya mfuniko wa chuma, mbele ya ukuta wa dobi. Dobi si ndiye wewe, baba? Nimezunguka ukuta wako mara mbili, mfuniko siuoni. Uko wapi?



Redio, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, alitazama viatu vyake. Nahodha aliinuka nusu, akakaa tena. Yeye ndiye aliyekoroga saruji. Baada ya arobaini ya marehemu watu wa kijiwe walisema wasiendelee kukaa juu ya ndoo. Wajenge kitu cha kumkumbuka. Ardhi yote ya mbele ya ukuta ilikuwa tope la maji ya kufulia, isipokuwa mahali pamoja, pakavu, tambarare, penye chuma kikuukuu kisicho na kazi. Wakasema Mungu ametupa msingi wa bure.

Wote wanne walikuwa wameukalia.

Mwanamke alitazama nyuso zao, akatazama benchi, akayasoma yale maneno mawili. Hakuambiwa na mtu, ila alielewa kwamba kuna jambo.

— Samahanini, alisema kwa sauti ya chini. Labda nirudi baadaye.

— Hapana, dada, alisema Mama Birika. Kisha akamgeukia Pasi. Shemeji, tunaweza kuchemsha. Mkaa ninao. Nitachemsha maji ya mtoto mimi mwenyewe, usiku na mchana.

— Na nyumba nyingine? aliuliza Pasi. Utachemshia safu nzima, kwa mvua ile, bila paa?



— Tusubiri, alisema Wakili. Pengine hakiji. Pasi, ndugu yangu, hiki ndicho tulichobaki nacho cha yule mama.

Safari hii hakuna aliyemtania.

Ndani, mtoto alilia. Pasi alikiacha kile kilio kipite mpaka mwisho. Akapitisha kidole ndani ya herufi ya kwanza, kama anavyofanya kila siku, akaifuata mpaka ya mwisho. Saruji ilikuwa na joto la jua.

— Simameni, alisema.

Walimwangalia bila kuamini.

— Simameni, jamani. Nahodha, lete ile nyundo yako kubwa. Redio, pita nyumba kwa nyumba, kila mtu ajaze alichonacho, mpaka masufuria. Na useme ukweli safari hii, usiongeze la kwako.

Redio aliondoka mbio. Hakuongeza neno.

Nahodha alirudi na nyundo. Walipopata habari kwamba vyombo vimejaa kila nyumba, alisimama mbele ya benchi, akazunguka upande wa pili, mbali na yale maandishi.

— Nitaanzia huku, alisema. Nikienda taratibu, kile kipande tunaweza kukitoa kizima.

— Mfuniko uko upande gani?

Nahodha alishusha nyundo. Machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

— Uko upande gani, Nahodha?

— Uko chini ya maneno.

— Basi lete, alisema Pasi.

Akaichukua nyundo yeye. Mkewe hakuwahi kumwacha mtu mlangoni na kiu, na kama angekuwepo angekuwa ameshamnyang'anya mtu nyundo zamani. Pasi alijua hivyo, na bado pigo la kwanza lilimuuma kuliko siku ya mazishi. La pili lilipasua KAA. Baada ya hapo Nahodha alipokea, na Wakili, ambaye mikono yake haijui kitu kizito kuliko mkasi, akaokota vipande kimoja kimoja na kuvipanga ukutani, kila herufi na jirani yake.

Chuma kilionekana. Wakakinyanyua kwa mtaimbo. Chini yake, kwenye mchanga wenye unyevu, ilikaa koki nyekundu kwa kutu, kubwa kama kichwa cha mtoto. Mwanamke alimpa Pasi spana. Alizungusha, ikagoma. Nahodha akashika naye, wakazungusha pamoja, na koki ikalia, ikaanza kukubali, mpaka ikafika mwisho na kukaza.

Kahawa ilikuwa imeisha, na hakuna aliyekumbuka kuuliza. Huko mwisho wa barabara bahari ilikuwa imeanza kusikika tena.

Binti ya Pasi alitoka mlangoni na mtoto begani, akaona vumbi, akaona vipande vya saruji vilivyopangwa ukutani, akashika mdomo. Kisha akasema kile kinachosemwa kila siku katika mtaa huu:

— Baba, maji yamekatika.

Pasi alikuwa bado amepiga magoti juu ya lile shimo, spana mkononi.

— Hayajakatika, mwanangu, alisema. Nimeyafunga.