Marehemu Ngandu Anaclet, Aliyelipa Kodi na Kuomba Risiti

Ndugu mliovuka mto asubuhi hii, majirani wa Alunguli, Padri na wanakwaya, na ninyi viongozi mliopewa viti vya mbele, familia imemtuma Mpoyi, mdogo wake marehemu, awasomee njia aliyoipita kaka yake hapa duniani, na inaomba mvumilie, kwa maana karatasi hii imeandikwa kwa hasira, na hatukuona sababu ya kuifuta hasira hiyo.

Papa Ngandu Anaclet alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 huko Kabalo, mtoto wa tatu wa Papa Zéphirin, fundi wa reli mwenye asili ya Kasai, na Mama Tshibola, akaletwa Kindu akiwa na miaka minne baba yake alipohamishwa kikazi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, ukiondoa mwaka wa maasi shule zilipofungwa, kisha akaingia sekondari, sehemu ya biashara, akapata diploma yake mwaka 1977, na walimu wake walikuwa wakisema kwamba ukimwachia Anaclet hesabu isiyolingana, hali chakula mpaka ilingane.

Tarehe 28 Desemba 1985 alifunga ndoa na Mama Adolphine wa Kibombo, ambaye mnamwona pale amekaa kwenye mkeka, na Mungu akawajalia watoto wawili, Florentin aliyezaliwa mwaka 1990 na Déborah aliyemfuata mwaka 1993.

Tarehe 1 Februari 1989, baada ya kufundisha kwa miaka kumi na zaidi, aliajiriwa kuwa karani wa mishahara katika kampuni moja ya kununua mchele, ambayo leo haina hata kibao. Kodi ya mtu wa mshahara haipeleki yeye mwenyewe, mwajiri huikata kila mwezi na kuipeleka kwa Serikali, kwa hiyo Anaclet aliikata, akaandika kwenye karatasi ya kila mfanyakazi kwamba imekatwa, akatia sahihi yake, akamkabidhi bwana mkubwa fedha hizo. Kwa miaka tisa hakuomba hata siku moja kuonyeshwa karatasi ya benki, kwa sababu bwana mkubwa huyo ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Florentin, na kwetu sisi mtu hamwombi risiti baba wa ubatizo wa mtoto wake. Hilo lilikuwa kosa lake, alilikiri mwenyewe mpaka mwisho, nasi hatuwezi kumficha jenezani pamoja nalo.

Vita vilipoanza Agosti 1998, bwana mkubwa alipanda ndege na kodi ya watu mfukoni, na mwaka uliofuata wakubwa wa vita waliouteka mji walipovifungua vitabu vya mishahara, wakaona kodi ilikatwa na haikufika popote, badala ya kumtafuta aliyeila, waliwageukia wafanyakazi ishirini na wawili waliokwisha kukatwa, wakawadai upya. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Djamali, mlinzi wa ghala, aliwaonyesha karatasi yake yenye sahihi ya Anaclet, wakacheka, wakamnyang'anya kinga yake, yaani baiskeli aliyokuwa akilishia watoto wake, na Anaclet aliposikia alikwenda kwao kwa miguu yake, akasema sahihi ile ni yangu, nishikeni mimi, wakamshika kweli, siku kumi na moja, na kinga ya Djamali haikurudi.

Amani iliporudi, mwaka 2004, alifungua duka dogo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, la chumvi, sabuni na madaftari, na ni nani hapa Alunguli mwenye meza ya biashara ambaye hakufundishwa naye. Aliwaambia wote, bila kudai hata kikombe cha chai, kwamba mauzo yaandikwe kila siku, kwamba mwenye biashara hutangaza mapato yake mwenyewe kila mwaka, kwamba yule mdogo kabisa ana kiasi kimoja tu cha mwaka na aliyekua kidogo hulipa sehemu ndogo ya mauzo yake, kwamba ushuru wa soko ni kitu kingine, na kwamba kodi hulipwa benki, si mkononi mwa mtu, hata mtu huyo akiwa shemeji yako.

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, afisa mmoja wa kodi alifika dukani, marehemu akamwonyesha karatasi ya benki ya mwaka mzima, afisa akaitazama, akasema, "Papa, hii mambo ya karatasi njo inachelewesha watu, iko namna ya kupangana." Marehemu akamjibu, "Mutoto yangu, nilishapanganaka mara moja na mukubwa moja, na bantu balilia." Yule bwana akarudi na wenzake wawili, wakaufunga mlango wa duka, ambao ndio mlango wa nyumba pia, na kuubandika karatasi yenye muhuri, na tangu siku hiyo mzee wa miaka sitini na sita akawa anaingia kwake kwa kuinama, kupitia kilango cha jikoni.

Alivuka mto mara kumi na mbili kwenda ofisini na karatasi zake, akaambiwa rudi kesho mara kumi na mbili, na tarehe 6 Juni alianguka pale pwani, ukingoni mwa mto, kwa ugonjwa wa presha, akafariki hospitalini Jumamosi tarehe 8, saa kumi na moja alfajiri. Hatusemi ugonjwa huo ulitumwa na mtu, tunasema ulifunguliwa mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenye mitumbwi waliomvusha bila nauli, jirani yetu Mama Odette aliyetuazima ua huu wa nyumba yake, na Djamali, mzee mwenzake, aliyechonga jeneza kwa mikono yake. Jeneza hilo halipiti jikoni. Vijana walitaka kuichana ile karatasi ya muhuri, Mama Adolphine akawakataza, akasema mume wake hakuvunja sheria akiwa hai na hataivunja amekufa, aliyeibandika ndiye atakayeitoa.

Aliyeibandika yuko hapa, amekuja na bahasha ya rambirambi, tumemrudishia bila kuifungua. Bwana, kwetu baba haendi kaburini akitokea ua wa jirani, hutokea nyumbani kwake, kwa mlango wake. Padri amekubali kungoja, wachimba kaburi wamekubali kungoja, na mvua ikija itatunyeshea sote.

Kaka, ule usemi wa kukutakia pumziko la amani tunao, lakini tutausema ukiisha kupita mlangoni kwako.