Mwalimu Kwanini na Insha Kumi na Nne

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, saa kumi kamili alasiri, mkuu wa kozi ya maandalizi ya Kiingereza cha kitaaluma atarudisha funguo za ofisi yake, chumba namba sita, na kustaafu rasmi. Ofisi ya utumishi inasema amekitumikia chuo kikuu chetu kwa miaka thelathini na mitatu. Mwenyewe anasema ni miaka thelathini na mitatu na wiki sita, na ameiandikia ofisi hiyo barua akitaka ushahidi wa hesabu yao. Wanaomfahamu hawakushangaa hata kidogo.

Wanafunzi humwita Mwalimu Kwanini, na jina hilo limemganda kiasi kwamba hata mialiko ya vikao humfikia ikiwa imeandikwa hivyo. Alilipata kwa kalamu yake ya kijani. Hakuna insha iliyopita mikononi mwake ikarudi bila swali hilo pembeni. Ukiandika kwamba maji ni muhimu, anakuuliza kwa nini. Ukijibu kwamba kila mtu anajua, anakuuliza huyo kila mtu ni nani na aliandika kitabu gani. Mumewe, fundi wa majokofu na mtu wa mzaha, husema kwamba nyumbani kwake chai haiombwi hivi hivi: unatoa hoja, unataja chanzo, kisha unajibu pingamizi. Binti yao mkubwa, aliyekulia katika hali hiyo, leo ni wakili, na mama mtu anakiri kwamba hajawahi kumshinda bintiye kwa ubishi tangu akiwa na miaka kumi na minne.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, ambao kila Juni huona vijana wageni wakiburuta masanduku uani wakiuliza bweni liko wapi, nieleze kidogo. Hao wameshakubaliwa na vitivo vyenu, ila kwa sharti. Kwa wiki kumi wanajifunza kusikiliza mhadhara bila kupotea, kusoma kitabu na kukihoji, kuandika insha yenye marejeo, na kusimama mbele za watu kuitetea. Wiki ya mwisho wanapimwa. Anayefaulu anaanza shahada Septemba, na anayeanguka anarudi kwao na sanduku lake. Ndiyo maana kozi hii haina mtu wa kusinzia darasani.

Mwalimu Kwanini hakuja hapa kukaa. Aliitwa kumshikia nafasi mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi, wiki sita tu. Mwenye nafasi akajifungua mapacha, akabadili mawazo kuhusu kazi, na mshika nafasi akabaki. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya maktaba, chenye viti kumi na kimoja na vitatu kati ya hivyo vilisimama kwa miguu mitatu. Wanafunzi walikuwa tisa. Mwaka huu tumekuwa nao mia mbili na arobaini, walimu kumi na wawili, na vyumba vitano vyenye viti vizima.

Mbinu zake zilianza kama vituko. Aligundua kwamba wanafunzi wanazielewa kanda za kujifunzia, zenye sauti safi za watu waliolipwa kutamka vizuri, lakini wakiingia kwenye mhadhara wa kweli wanatoka mikono mitupu. Akamtafuta mhadhiri mstaafu wa jiolojia, Mzee wa Miamba, ambaye kwa miaka yote ya kazi yake aliongea na vifungo vya shati lake. Akamwomba aje kufundisha saa moja kila kozi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ukimwelewa huyu, hakuna mhadhiri duniani atakayekupiga chenga. Mzee anajua fika kwa nini anaalikwa, na huja amevaa tai.

Kisha kuna dakika nne. Hii ndiyo sheria yake kuu: kabla hujawasilisha insha, unaweka karatasi chini na kuisimulia kwa dakika nne kwa mtu asiye wa fani yako. Kwa miaka mingi mtu huyo amekuwa mlinzi wa lango la mashariki. Amesikiliza udongo, ganzi, madaraja na bei za kahawa. Akisema, "Hapo hujanieleza, mwanangu," basi unarudi kuandika upya, na hakuna rufaa. Wahadhiri fulani walilalamika kwamba ni dharau kupeleka elimu ya chuo kikuu kibandani kwa mlinzi. Mwalimu Kwanini akawakaribisha wajaribu wenyewe. Mchumi mmoja alikubali, akakaa huko dakika ishirini, akatoka anapangusa jasho, na hatukusikia tena malalamiko kutoka upande ule.

Wapo waliomwona mkali. Ni mkali, lakini hana kiburi. Mwanafunzi mmoja alimwandikia barua pepe ya kuomba ratiba, akamjulia hali yeye, wazazi wake na wazee wake waliotangulia kwa mistari kumi na mmoja, na mwishoni akasahau kuomba ratiba. Alijibiwa kwa ratiba na salamu kwa wazazi wake.

Lakini kama ningeruhusiwa kueleza jambo moja tu kumhusu, ningeeleza la miaka kumi na sita iliyopita. Nalijua vizuri kwa sababu mimi ninayeandika haya, leo mwalimu mwenzake, wakati huo nilikuwa mwanafunzi wake.

Mwaka ule chuo kilipata programu mpya ya kompyuta ya kukagua insha. Insha zetu za mwisho zikapitishwa humo, na kumi na nne zikatoka zimepakwa rangi nyekundu. Mada zilikuwa tofauti, kuanzia malaria hadi saruji, lakini aya ya utangulizi ilikuwa ileile, sentensi tano zile zile, kilichobadilika ni jina la mada tu. Kamati ya mitihani ikatuandikia barua: wizi wa kitaaluma, nafasi zenu zitafutwa, kikao ni Jumanne. Jina langu lilikuwa la kumi na moja. Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni. Nyumbani ukoo mzima ulikuwa umenisindikiza uwanja wa ndege. Mama alishawaambia majirani kwamba mwanawe amekuwa mhandisi, wakati hata darasa la uhandisi sijaliona.

Hatukuwa tumenakiliana. Aya ile tuliitoa ubaoni. Wiki ya pili Mwalimu Kwanini aliiandika kama mfano wa namna insha inavyoweza kufunguliwa, akatuambia tuinukuu daftarini, kisha akafuta. Yeye alidhani ametupa mfano. Sisi tulidhani tumepewa aya. Tulikotoka wengi wetu, sentensi ya mwalimu iliyo ubaoni ndiyo sahihi, na kuibadili ni kumwambia mwalimu kwamba wewe unajua zaidi. Mimi nilitaka kubadili neno moja tu, nikalizungukia jioni nzima, nikaona ni utovu wa adabu, nikaliacha.

Na hatukusema. Tulikutana kwenye chumba cha kufulia, kumi na wanne sisi, mashine zikizunguka, tukajadiliana kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Kusema aya imetoka kwa mwalimu ilikuwa sawa na kumshtaki mwalimu. Dada mmoja wa famasia, ambaye tulimwita Kamusi kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kamusi kwapani, alilia akasema kwamba afadhali arudi kwao kuliko mwalimu afukuzwe kwa ajili yake. Tukakubaliana kufunga midomo.

Jumanne mwenyekiti wa kamati, profesa wa takwimu asiyependa mchezo, aliisoma aya ile kwa sauti ili wajumbe wote waisikie. Mwalimu Kwanini alikuwa amekaa mwisho wa meza kama mtahini. Alikuwa ametoka likizo ya ugonjwa siku ile ile, na insha zetu alikuwa hajaziona. Katibu wa kamati alinisimulia baadaye kwamba kufikia sentensi ya pili Mwalimu alikuwa ameweka kalamu chini. Kwenye sentensi ya tatu akainua mkono.

"Aya hiyo ni yangu," alisema.

Mwenyekiti alidhani anawakingia kifua wanafunzi wake. Akaombwa ushahidi, yeye wa kuombwa ushahidi! Akaenda ofisini, akarudi na daftari lake la maandalizi ya masomo, akalifungua wiki ya pili, na aya ilikuwa pale na tarehe yake, kwa wino wa kijani. Akasema kosa ni la kwake kwa sababu hakueleza mfano ni kitu gani, na kwamba mwalimu mwenye miaka kumi na saba kazini alipaswa kujua.

Kamati haikulainika. Mwenyekiti alisema kama utangulizi umetoka ubaoni, nani ajuaye kilichobaki kimetoka wapi. Ndipo Mwalimu Kwanini akapendekeza jambo ambalo wajumbe wengine walilipokea kwa kucheka. Tuletwe Alhamisi, kila mmoja na karatasi tupu na kalamu. Swali lichaguliwe na mwenyekiti papo hapo. Tuandike kwa saa mbili, kisha kila mmoja asimame mbele ya kamati kwa dakika nne bila karatasi. Akaandika barua ya kujiuzulu, akaitia sahihi na kuisukuma katikati ya meza. Hata mmoja akishindwa, alisema, barua hiyo ipelekwe utumishi. Kucheka kukakoma.

Alhamisi tuliingia ukumbini kama watu waendao kupasuliwa. Swali lilikuwa hili: mji wenye uwezo wa kujenga kitu kimoja tu, uanze na barabara au na mabomba ya maji? Nilisikia kalamu za wenzangu zikianza kukimbia. Yangu haikukimbia. Kila nikitaka kufungua insha, sentensi iliyonijia ilikuwa ile ya ubaoni, na kila nikiifukuza inarudi. Nilikaa dakika hamsini mbele ya karatasi nyeupe. Muda ulipokwisha nilikuwa na nusu ukurasa. Wenzangu kumi na watatu walikuwa wamejaza kurasa tatu tatu. Kamusi, bila kamusi yake, alijaza nne.

Nilikuwa wa mwisho kusimama. Mwalimu Kwanini alikuwa dirishani, na barua yake iko mezani mbele ya mwenyekiti, pamoja na nusu ukurasa wangu. Sikuweza kumtazama. Nikaanza kueleza kama nilivyomweleza mlinzi mara nyingi kwenye kibanda chake: kwamba mji ujenge mabomba kwanza, kwa sababu barabara hufukuliwa kila bomba linapolazwa chini yake, na unajikuta umejenga barabara hiyo hiyo mara mbili. Mwenyekiti akanikatiza. Bila barabara, mabomba yenyewe yatafikaje? Kichwani mwangu nikasikia swali lenye wino wa kijani, nikamwambia kwamba samahani, Profesa, sikubaliani nawe. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamweleza kwamba lori la mabomba linapita hata kwenye njia ya vumbi, lakini maji hayapiti juu ya lami. Akauliza la pili, nikajibu. Akauliza la tatu, nikambishia tena. Dakika nne zilikuwa zimepita zamani na hakuna aliyetazama saa.

Mwenyekiti akafunga faili. Akasema kwamba amefundisha miaka ishirini na sita na wanafunzi wake wa mwaka wa tatu hawajawahi kumbishia kwa sababu za maana. Tulikuwa tumefaulu sote, kumi na wanne. Tulipiga kelele hadi mpishi wa kantini akatoka na mwiko mkononi kuangalia nani kaumia. Barua ilirudishwa kwa mwenyewe. Mwalimu Kwanini aliipokea, akaigeuza, na upande wa nyuma akaanza kuandika mpango wa somo la Jumatatu.

Tangu mwaka ule hakuna mwanafunzi wa chuo hiki anayehukumiwa na programu ya kompyuta kabla hajasikilizwa kwa dakika nne. Ni kanuni iliyoandikwa, na aliyeipeleka seneti ni yule yule profesa wa takwimu. Idara tisa zimeiga dakika hizo. Mifano ya ubaoni huandikwa miwili miwili inayopingana, ili hata mwenye adabu nyingi alazimike kuchagua. Katika sisi kumi na wanne, mmoja anajenga madaraja, watatu wanatibu watu, Kamusi anaongoza maabara ya dawa, mwingine ni mbunge na anabishana kwa mshahara. Mimi uhandisi niliumaliza, nikaufanya miaka miwili, nikarudi hapa kuomba kazi katika chumba namba sita. Mama aliuliza kwa nini. Nilikuwa na sababu tatu na chanzo kimoja.

Mwalimu, wenzako wa idara, wahudumu wa maktaba, Mzee wa Miamba na mlinzi wa lango la mashariki tunakushukuru kwa kila ulichotudai. Tunakutakia pumziko refu, afya tele, na mume atakayeendelea kukupa hoja kabla ya chai.

Nami nina neno langu. Jumanne ile ubao ulikuwa umeshafutwa, hapakuwa na shahidi, na wanafunzi kumi na wanne walikuwa tayari kurudi makwao kimya kimya ili kulinda jina lako. Ungenyamaza tu, na mpaka leo hakuna mwingine ambaye angejua. Uliinua mkono. Nenda kwa heri, Mwalimu wetu, uishi vyema, na ujue kwamba sote kumi na wanne tuko tulipo kwa sababu ya mkono ule.