Mwanafunzi wa Sitini

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mwalimu mkuu aliyeshika rejista alikuwa akimbembeleza mama aliyepakata mtoto. "Dada, nina wanafunzi hamsini na tisa. Kesho anakuja mkaguzi. Wasipofika sitini, shule inafungwa. Nipe huyu nimwandikishe." Mama akashangaa. "Mwalimu, huyu bado ananyonya!" "Atanyonya wakati wa mapumziko." "Halafu nusu ya shule yako ni watoto wa yule fundi cherehani mmoja wa kijijini," mama akasema. "Mungu amzidishie! Wengine mngemuiga, nisingehangaika kwenye mabasi."

Nikacheka kwa sauti, na hilo ndilo kosa langu. Mwalimu akageuka. "Na wewe, kaka, uliishia darasa la ngapi?"

"La nne," nikasema ukweli, mjinga mimi.

Basi liliposimama, alikuwa ameshafungua rejista ukurasa wa darasa la tano.