Fundi Aliyeirudisha Ionie Majini: Kumuaga Alrick Cudjoe

Ijumaa tarehe 29 Mei, saa kumi jioni, Bwana Alrick Cudjoe anastaafu. Ameitumikia karakana yetu ya ushirika ya kuunda mashua hapa kijijini Windward kwa miaka arobaini na mmoja na miezi mitatu, na katika muda huo wote amechelewa kazini mara mbili tu: siku aliyooa, na siku mbuzi wa jirani alipotafuna mguu mmoja wa suruali yake. Habari hizi nimezipata kwake mwenyewe, kwa hiyo ile ya mbuzi ipokeeni kwa tahadhari.

Kamati imeniomba mimi, Verna Patrice, mtunza stoo, niandike karatasi hii ya sherehe. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu hakuna mtu aliyegombana naye kunizidi. Kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa akichukua patasi stoo bila kusaini na kurudisha tofauti na ile aliyochukua. Penseli zangu zote zimeishia nyuma ya sikio lake. Nimemfokea mbele ya watu, naye hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Mjomba Alrick, kama tunavyomwita sote, wakubwa kwa wadogo, alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minne, akishika ncha ya pili ya msumeno wa marehemu Fundi Hezron. Miaka mitatu ilipita kabla hajaruhusiwa kugusa tezo ya kuchongea mbao. Tangu hapo ameunda mashua kumi na moja kwa mkono wake, na alizozitengeneza hazina idadi. Baada ya kile kimbunga kilichong'oa mapaa ya kijiji, alitengeneza mashua za wavuvi kwanza huku nyumba yake ikiwa imeezekwa turubai kwa miezi saba. Mkewe, Bi. Claris, hajasahau turubai lile, na leo yupo hapa, muulizeni.

Mataruma, zile mbavu za ndani za mashua, hayakati kwenye mbao zilizonyooka. Hupanda mlimani mwenyewe kutafuta mwerezi uliopinda kama anavyotaka yeye, na macho yake hayana likizo. Tulipomzika mwenyekiti wetu wa zamani, watu wote walikuwa wameinamisha vichwa isipokuwa Mjomba, aliyekuwa akikagua tawi la mwerezi juu ya ukuta wa makaburi. Siku ya tatu alikuja stoo kuomba msumeno. Tawi lile sasa ni taruma la mashua ya padri.

Ningeweza kuishia hapo, tukacheka, tukala. Lakini Mjomba amewahi kufanya jambo moja ambalo familia yangu haitalisahau, na leo nimepata ruhusa yake kuliandika. Kusema kweli aliguna tu, nami nikahesabu kuwa ni ruhusa.

Wengi mnaijua Ionie, mashua ya futi ishirini na mbili aliyotuachia baba, yenye jina la mama yetu. Nahodha wake ni kaka yangu Selwyn. Jumatatu ya Pasaka ya mwaka jana, Selwyn alikuwa akirudi kutoka kisiwa jirani cha Petite Martinique, peke yake, mchana kweupe, upepo mzuri. Akafika kwenye mlango wa miamba ambao kila mtu wa Windward anaupita tangu hajajua kusoma. Ionie ikapanda mwamba. Mbao tatu za ubavu wa kushoto zilipasuka, mataruma manne yakavunjika, usukani ukang'oka na kuzama. Tuliivuta hadi ufukweni ikiwa imejaa maji.

Alisema jambo moja tu na hakulibadilisha: usukani ulikuwa umeacha kushika kabla hajaufikia mwamba. Hakuna aliyemsadiki. Mwanamume wa Windward, Jumatatu ya Pasaka, asiwe ameonja ramu? Dukani, Leopold, nahodha mwenzake na mpinzani wake katika mashindano ya mashua ya kila Agosti, alimuuliza mbele ya watu, "Selwyn, mwamba ule umeletwa jana, au?" Watu walicheka mpaka wakashika meza. Kuanzia siku ile kila alipopita palikuwa na mtu wa kumwonyesha kwa kidole upande uliko mwamba. Mimi mwenyewe, dada yake wa tumbo moja, nilimuuliza mara mbili alikunywa chupa ngapi. Mara ya pili alichukua kofia yake akatoka. Wiki iliyofuata alikata tiketi ya kwenda Brooklyn kwa binamu yetu, na akasema hatarudi. Mtu aliyeijua bahari kama kiganja chake alikuwa anakwenda kuosha vyombo hotelini, kwa sababu ya aibu.

Ionie ililetwa karakana. Niliomba irekebishwe haraka ili tupate kumpa nahodha mwingine, na Mjomba akasema mashua haitengenezwi kwa kuangaliwa saa. Akaanza kuifungua. Siku ya nne, mchana, wenzetu wakiwa wamekwenda kula, aliingia stoo na kitambaa chake cha mkononi kimekunjwa. Akakifungua juu ya kaunta yangu. Ndani kulikuwa na kipande cha bolti, kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa chembamba kama kijiti cha kiberiti, na kwenye ncha iliyokatika palikuwa peusi kote isipokuwa kidoa kimoja cha chuma king'avu.

"Verna," alisema, "kaka yako hakudanganya. Bolti hii ndiyo iliyoshika bawaba ya chini ya usukani. Ilikuwa imekwisha kuoza kabla ya mwamba. Na ni mimi niliyeitia."

Hapo lazima niwakumbushe jinsi sisi tulivyo. Miaka kumi na miwili kabla ya ajali ile, Ionie ilibadilishwa usukani siku mbili kabla ya mashindano ya Agosti. Bolti za shaba zilikuwa zimechelewa kwenye meli ya mizigo kutoka Trinidad, basi Mjomba akatia ya chuma cha kawaida, akisema ni ya wiki moja tu. Ionie ikashinda. Na mashua ikishinda, nani hapa kwetu anathubutu kuigusa? Tunaipaka rangi juu ya rangi, lakini hatuchomoi hata msumari, tusije tukatoa na mbio zake. Baba alikataza katakata usukani usiguswe, Selwyn naye akakataza baada ya baba, na Mjomba akaacha. Bolti ya wiki moja ikakaa miaka kumi na miwili chini ya rangi nyekundu nzuri sana.

Nitasema ukweli, kwa sababu yeye aliusema. Nilitaka kumrushia bolti ile usoni. Nilifikiria kaka yangu alivyokuwa akipita nyuma ya nyumba za watu ili asionekane. Kisha nikafikiria kuwa tulikuwa wawili tu mle stoo, kwamba Mjomba alibakiza mwaka mmoja astaafu kwa heshima zote, na kwamba kipande kile kingeweza kuishia kwenye pipa la takataka pasipo mtu kujua. Yeye alikuwa amekwisha kuyafikiria hayo kabla yangu, na bado alikileta.

Jioni ile ile alikwenda kwa Selwyn akamweleza. Selwyn alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, asimkaribishe ndani, kisha akafunga mlango. Hakuifuta tiketi. Siku ya safari ilikuwa Jumatatu, wiki sita mbele, na Ionie ilipangwa kurudi majini Jumamosi kabla yake.

Kwa wiki sita Mjomba aliifanya kazi ile kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Aliweka mataruma manne mapya na mbao tatu, akaziba kila mshono kwa kalafati ya pamba mpaka vidole vikachanika, akaunda usukani mpya na kuufunga kwa bolti za shaba nene kuliko ilivyohitajika. Alikataa msaada wa kugonga bolti zile. Nilizoea kumwekea kahawa juu ya gogo nikaondoka, kwa sababu bado nilikuwa na hasira naye, naye aliinywa yote.

Jumamosi ile kijiji kizima kilifika, kama mnavyojua kinavyofika panapokuwa na chakula. Ionie ilisimama wima juu ya mchanga, imeegemezwa nguzo pande zote mbili, bendera yenye jina lake imekunjwa mlingotini. Kondoo alikuwa amekwisha kuchinjwa, ramu ikamwagwa omoni na tezini, mbele na nyuma ya mashua, kwa ajili ya waliotutangulia, masufuria ya wali na mbaazi yakichemka nyuma ya karakana. Lililobaki lilikuwa kuiangusha: nguzo za upande mmoja hukatwa kwa shoka, kidogo kidogo, kwa zamu, mpaka mashua ilale ubavu juu ya magogo, ndipo watu waivute kwa kamba na kapi mpaka majini. Shoka la kwanza ni la fundi. Hiyo ndiyo heshima yake, na sijawahi kuona fundi aliyempa mtu mwingine.

Mjomba alilishika shoka, hakulitumia. Alingoja. Watu wakaanza kunung'unika kuwa jua ni kali. Alikuwa akitazama juu ya vichwa vyetu, na nilipogeuka nikamwona Selwyn amesimama mbali, karibu na mashua za Leopold, amevaa viatu vya safari.

Hapo Mjomba akaongea. Yeye si mtu wa hotuba, na sauti yake ilikuwa ndogo hata padri akainama ili asikie. Alieleza kuhusu bolti, lini aliitia na kwa nini, na kwamba usukani ulitoka kabla ya mwamba kama Selwyn alivyosema tangu siku ya kwanza. Alisema nahodha hakuwa na kosa, kosa ni la fundi, na fundi ni yeye. Akakitoa kile kipande kwenye kitambaa na kukipitisha kwa watu, mkono kwa mkono.

Kilipomfikia Leopold, akakigeuza geuza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

"Sasa, Mjomba," alisema, "ungekaa kimya, nani angejua?"

"Selwyn alijua," Mjomba akajibu.

Nilimwangalia kaka yangu akija katikati ya watu, nao wakimpisha. Mjomba alimnyooshea shoka kwa mikono miwili. Selwyn alikaa nalo muda mrefu, nikadhani atalitupa. Kisha akavua viatu, akaipiga nguzo ya kwanza, vipande vikaruka hadi miguuni kwangu. Mjomba alichukua zamu ya pili.

Ionie ililala taratibu juu ya magogo, tukaivuta kwa nyimbo, ikasimama majini bila kuingiza tone. Selwyn alikuwa wa kwanza kupanda. Akashika usukani, akaujaribu kushoto na kulia, akamwita Mjomba aliyekuwa amesimama kwenye maji ya magoti.

"Panda, Mjomba. Usukani ukitoka tena, tuzame wote."

Mjomba akapanda na suruali yake yenye maji, wakavuka mlango wa miamba wakaenda na kurudi, wote tukiwatazama. Walipokuwa huko nje bila shaka walisemezana kitu, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeniambia, nami nimeuliza mara nyingi. Jumatatu ndege iliondoka bila kaka yangu. Agosti Ionie ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya Leopold, na Selwyn akalalamika kuhusu upepo mwezi mzima, kama nahodha mwenye afya njema.

Sasa, Mjomba, nikugeukie wewe. Wengine leo watakushukuru kwa mashua kumi na moja, kwa paa lako uliloliacha wazi ukitutengenezea vyombo, kwa mafundi uliowafundisha na ambao sasa wanaiba penseli zangu badala yako. Nawaunga mkono wote. Karakana inakushukuru, kijiji kinakushukuru, na Bi. Claris tunamshukuru kwa kutuazima wewe.

Ya kwangu ni hii, na sijaiandika popote mpaka leo. Jioni ile ya Jumamosi, baada ya watu kuondoka, nilikwenda nyumbani kwa Selwyn. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na sikuwa nimemwomba mtu yeyote radhi tangu utotoni. Nilikuwa sijui hata maneno yake yanaanzia wapi. Basi nikayaanza kama ulivyoyaanza wewe kwenye kaunta yangu. Nikamwambia, "Kaka, hukudanganya, na mimi ndiye niliyekosa." Akanikaribisha ndani.

Nenda kapumzike, Mjomba Alrick. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na miaka mingi mizuri pamoja na wako. Asante kwa kunirudishia kaka yangu.