Kutoka Kisiginoni Hadi Gotini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mkuu wa Chuo; Mganga Mkuu wa Hospitali ya Wanajeshi Wastaafu; walimu wetu wapendwa; wazazi na walezi; na nyinyi askari wastaafu mlioketi safu ya mbele, ambao nimeambiwa mlifika saa mbili kabla ya sherehe mkaanza kuwafundisha wahudumu namna ya kupanga viti: habari za asubuhi!

Wahitimu wenzangu wamenichagua nizungumze kwa niaba yao. Walisema ni kwa sababu ya busara zangu. Nilipowabana wakakiri: ni kwa sababu darasa zima mimi peke yangu nina umri wa kuweza kumzaa mwalimu wa fizikia. Sikatai. Nina miaka arobaini na tisa. Mwalimu, tulia tu hapo, mwanangu. Leo husahihishi mtu.

Kabla ya kuja kusomea utengenezaji wa miguu ya bandia, nilikuwa fundi viatu kwa miaka ishirini na mmoja. Tena si viatu vyovyote, viatu vya maharusi. Kama mkeo alisimama siku nzima ya harusi bila kuvivua kwa siri chini ya meza, huenda ilikuwa kazi ya mikono hii. Kama alivivua, alinunua kwingine. Dada yangu mkubwa alipokea wateja mbele, mimi nikakaa nyuma na nyundo na gundi yangu. Tulikuwa na jina, tulikuwa na amani. Sasa mtu wa namna hiyo anatafuta nini shuleni?

Mlaumuni Sajini. Yule pale mwenye kofia, anayejifanya hanioni.

Miaka minne iliyopita aliingia dukani kwetu, akasimama katikati ya viatu vyeupe vya vishanga, akatangaza kwa sauti ya uwanja wa gwaride: "Fundi ni nani hapa?" Bi harusi aliyekuwa akijaribu kiatu alisimama wima. Dada akaninyooshea kidole. Ndugu wa tumbo moja, alinitoa bila hata kuhojiwa!

Sajini alikuwa amefundisha gwaride tangu ujana wake, mpaka bomu la kutegwa ardhini lilipomchukulia mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Alipewa wa bandia. Shida yake, alisema, ni kiatu cha mguu huo. Kinambana. "Kipanue." Nikakipanua. Wiki iliyofuata akarudi. "Kipanue tena."

"Afande," nikamuuliza, "mguu wa plastiki unabanwaje?"

Akanyamaza. Nyinyi mnaomfahamu mnajua hilo ni tukio la kihistoria.

"Vua tuone," nikasema.

Ndugu zangu, hapo utani wangu uliisha. Kikombe cha ule mguu, yaani pale kigutu kinapoingia, kilikuwa kimeshakuwa kikubwa kwake, naye alikuwa amekijaza soksi tatu na kipande cha blanketi. Kigutu chenyewe kilikuwa kidonda. Miezi minane alikuwa akikikanyagia.

"Kwa nini hukurudi hospitali?"

"Fundi wa miguu ni mmoja, foleni ndefu, na wako wenzangu wenye hali mbaya kuliko mimi." Kisha akashusha sauti, sauti ambayo sikujua kama anayo. "Na mama watoto asijue. Anadhani nimezoea."

Nilifunga duka nikampeleka mwenyewe. Tukiwa kwenye benchi la hospitali, mke wake akatokea, ameitwa na nesi. Sajini akaanza kujieleza: jambo dogo, mchubuko tu. Mama yule akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, hizo soksi unadhani zinafuliwa na nani?"

Sajini akainamisha kichwa. Mama akakaa kati yetu, akanigeukia mimi. "Nilisubiri aseme mwenyewe, nisimvunjie heshima. Nimefua miezi minane. Wewe umeuliza mara moja tu."

Maneno hayo hayakunipa usingizi wa raha tena. Yule fundi mmoja wa hospitali, mwenye vumbi la plasta mpaka kwenye nyusi, alinitazama mikono akauliza nafanya kazi gani. Viatu, nikamjibu. Akasema chuo kinapokea maombi mpaka Ijumaa.

Nyumbani, dada alikuja juu. "Kutoka kisigino hadi goti ni shubiri mbili, wewe unataka kuzisomea miaka mitatu?" Baba watoto alifikiri siku mbili, kisha akauliza swali moja tu: "Sare zipo?" Zipo. "Basi nitapiga pasi." Na amepiga pasi miaka yote mitatu. Simama, mume wangu, wakuone. Itazameni mistari ya pasi kwenye suruali yake!

Masomo je? Nilifeli mtihani wa mifupa. Nikaurudia, nikafeli tena. Mguu, kutoka kifundo kwenda chini, una mifupa ishirini na sita, na mimi niliyeivisha viatu miaka ishirini na mmoja sikuwahi kutambulishwa hata mmoja! Nikafungasha vitabu, nikapita karakana ya miguu hospitalini kuaga. Sajini alikuwapo, amekuja kufanyiwa marekebisho.

"Nimefeli, Afande. Narudi kwa maharusi."

"Mimi nilifeli shabaha mara nne, ndiyo maana wakanipeleka gwaride. Mifupa mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Ipange mstari. Kisigino, hatua moja mbele!"

Alinitembeza kwenye ujia wa karakana wiki tatu, mfupa mmoja kila hatua, mbele ya wagonjwa waliokuwa wakishangilia nikipatia na kuzomea nikikosea. Nikafaulu.

Akajitolea pia kuwa mteja wangu wa mtihani wa mwisho. Mguu wa kwanza niliomtengenezea ulitazama nje. Akasimama, akauangalia, akaniangalia. "Fundi, mimi nakwenda mlangoni. Huyu mwenzangu anakwenda wapi?" Nikaufungua, nikaanza upya. Wa pili akauvaa. Akapiga hatua, akageuka, akapiga nyingine. Kisha akaunyanyua, akaukita sakafuni mpaka madirisha yakatetemeka, akajipa amri mwenyewe: "Mguu... sawa!"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, msahihishaji alitaka kuandika maoni marefu. Akaishia kuandika maneno mawili hayo hayo.

Jumatatu naanza kazi hospitalini. Tutakuwa mafundi wawili, na foleni ina watu mia moja na arobaini. Kwenu wastaafu nina ombi moja, na hapa sitanii: mkibanwa, semeni. Semeni siku hiyo hiyo. Ukija kwetu humpokonyi mwenzako nafasi.

Wa kwanza kwenye orodha yangu ni dada mmoja aliyeendesha malori ya jeshi miaka kumi na saba. Kwenye fomu, palipoandikwa "mahitaji maalumu ya mgonjwa", amejaza hivi: "Mguu uwe imara. Mimi sijui kuendesha polepole."

Dada, nimekusoma. Na nyinyi nyote, walimu, wazazi na wageni wetu, nawashukuru kwa dhati kwa kunisikiliza.