Mjomba Wetu na Vioo vya Kukaa Nje

Ndugu waombolezaji, marehemu mjomba wetu, ambaye wengi mlimwita Usiguse, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1965, sekondari hadi 1969, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu fani ya vioo mwaka 1973.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa katika kituo cha kutazama nyota mlimani, ambako darubini husimama wazi bila paa, na vioo vyake, kwa jua, vumbi na mvua ya mawe, vilififia kila baada ya miaka mitano, naye akajitwika kazi ya kutafuta utando wa kudumu wa kuvipaka. Mwaka 1977 alipanga juu ya karakana vipande arobaini vya kioo, kila kimoja na utando wake, akavipima kila Jumatatu, na aliyevisogelea aliambiwa neno moja tu, likawa jina lake.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na muuguzi, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1982.

Mwezi Mei 1984 mjomba alilazwa wiki tatu kwa homa ya mapafu, na mkewe, akitaka arudi akute kazi yake inang'aa, alipanda juu ya karakana na kitambaa akavifuta vipande vyote, kumbe kazi yenyewe ilikuwa kuona kioo kisichofutwa kinafifiaje. Miaka saba ikaenda asubuhi moja. Mjomba hakugomba, alisema, "Ahsante mama, nitaanza tena," akaanza, na mkewe, aliyeshindwa kungoja miaka mingine saba katika nyumba isiyo na jirani, alishuka mjini na mtoto mwezi Agosti. Hawakuachana, waliandikiana, lakini mjomba alikula peke yake hadi alipostaafu mwaka 2011, akashuka kuishi kati ya majirani.

Utando alioukamilisha mwaka 1999 uko kwenye vioo vyote vya kituo, na hakuna kilichoshushwa kupakwa upya tangu hapo.

Februari 2022 figo zilianza kumsumbua, mkewe akarudi kumuuguza, hadi alipofariki tarehe 17 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Katika daftari lake, chini ya tarehe 11 Juni 1984, tumekuta maneno ambayo familia imeona yasomwe leo, mkewe akiwa hapa, kwa kuwa miaka yote hii mama ameamini kwamba aliharibu: "Kitambaa kimechuna tando zote isipokuwa wa kipande cha kumi na tisa. Bila yeye nisingejua. Naanzia hapo. Nimwambie."

Hakumwambia, nasi hatujui kwa nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliokaa naye vibarazani, na wafanyakazi wenzake waliokuja kumsomea vipimo kila Jumatatu.

Pumzika kwa amani, mjomba, ameshaambiwa.