Kura Juu ya Tumbo la Mke wa Fundi Geti

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka langu la cherehani. Linaenea watu watano wakipendana, watatu wakinuniana. Ikifika saa kumi jioni Mzee wa Kahawa anatua birika lake na vikombe, na kuanzia hapo hakuna jambo duniani tusilolijua. Tuna sheria moja tu: hoja ikiletwa, lazima ipigiwe kura kabla birika halijakauka. Anayehesabu mikono ni Mwenyekiti, karani wa stoo aliyestaafu, ambaye uenyekiti alijipa mwenyewe siku aliyokuja na kalamu mfukoni. Yuko Profesa, anayeuza magazeti ya zamani ya kufungia bidhaa, na hauzi hata karatasi moja kabla hajaisoma. Yuko Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, taulo begani, hodari wa kumwacha mteja na povu kidevuni. Na yuko Fundi Geti, mchomeleaji, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyetuletea hoja ya siku ile, na mpaka leo nikiikumbuka naona aibu.

Alikuja na bahasha kubwa ya kaki, zile za hospitali. Akaiweka juu ya benchi kati yetu, akakaa pembeni.

Fundi Geti: Mke wangu wamempiga picha. Ana uvimbe kwenye kizazi. Wanaita faibroidi. Uko sehemu nne, na mkubwa wake ni saizi ya chungwa.

Kinyozi: Pole sana, ndugu yangu. Kumbe lile tumbo...

Fundi Geti: Lile tumbo ndilo hilo.

Tukakohoakohoa, maana wote tulikuwa tumeshampa hongera. Mimi ndiye niliyezidi. Mwaka ule nimeyafungua magauni ya mama yule kiunoni mara tatu, na kila mara namtania, "Shemeji, safari hii ni dume!" Yeye alikuwa akisema asante, anachukua gauni lake, anaondoka.

Mwenyekiti: Sasa hoja yenyewe ni ipi?

Fundi Geti: Daktari anasema akipasuliwa njia ni mbili. Moja, watoe uvimbe peke yake, kizazi kibaki, ila unaweza kuota tena. Au watoe na kizazi chenyewe, yaishe. Kesho wanataka jibu. Na mnajua tuna binti mmoja tu. Mimba mbili zilitoka. Nimeshindwa, jamani. Siku ya pili leo sijapata usingizi.

Mwenyekiti: Hoja imepokelewa. Mzee, mimina.

Kahawa ikamiminwa. Profesa akaonja ya kwake, akatafuta pa kuweka kikombe, akakiweka juu ya bahasha.

Profesa: Kwanza tujue chanzo. Huwezi kuziba tundu hujui maji yanaingilia wapi. Mimi nilisoma mahali kwamba ni nguo za kubana.

Kinyozi: Ulisoma gazeti la lini?

Profesa: Tarehe ilikuwa imekatwa, nilikuwa nimefungia sabuni. Lakini hata wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako!

Kinyozi: Hiyo inasemwa kwa adui wa karibu, bwana.

Profesa: Na kuna adui wa karibu kuliko suruali?

Nami, badala ya kunyamaza, nikaunga mkono. Nikasema ndiyo, wateja siku hizi wananilazimisha niwabane viuno mpaka sindano inakosa pa kupita. Nilijisikia mtaalamu kabisa.

Kinyozi: Nguo hapana. Ni baridi. Wanawake wanakaa chini sana, kwenye saruji. Leo baridi kidogo, kesho kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Mwisho inaganda humo ndani.

Fundi Geti: Daktari alisema si baridi. Alisema ni nyama ya kizazi chenyewe inaota, na hakuna anayejua hasa kwa nini. Na si kansa. Alisema wanawake wengi sana wanao, wengine wanazeeka hawajui hata kama wanao. Inategemea umekaa wapi na ukubwa wake. Wa mke wangu umekaa pabaya.

Profesa: Umesikia? Hakuna anayejua! Halafu mtu asiyejua unampa kisu?

Mwenyekiti: Niseme mimi niliyekaa stoo miaka thelathini na moja. Kizazi ni stoo. Stoo isipoingiza mzigo kwa wakati, inaingiza panya. Huyu mama angezaa mfululizo, uvimbe ungepata nafasi wapi?

Fundi Geti aliinamisha kichwa. Hapo mmoja wetu alipaswa kumwambia Mwenyekiti anyamaze, maana mimba zile mbili zilizotoka hazikutoka kwa kupenda kwa mtu. Nilizungusha kikombe changu, nikatazama magari.

Mzee wa Kahawa: Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nao. Na dada yangu mkubwa. Mmoja alizaa wanane, mwingine alizaa mmoja.

Mwenyekiti: Mzee, wewe mimina.

Kinyozi: Subirini. Mnara wa simu ule uliwekwa mwaka gani?

Profesa: Ehee!

Kinyozi: Tangu uwekwe, hesabu wanawake wa mtaa huu wanaoumwa tumbo. Na simu zenyewe wanazibeba kwenye mikoba, mkoba unakaa tumboni. Mawimbi yanaingia, hayapati pa kutokea, yanafanya uvimbe.

Mzee wa Kahawa: Mama yangu alikufa kabla hakujawa na simu.

Profesa: Basi nitawapa siri ambayo haiko kwenye gazeti lolote. Uvimbe ule ni mimba. Mimba iliyolala. Ilikuja, ikakuta nyumba haijatulia, ikalala. Ukikata, unakata mtoto wako mwenyewe. Ndiyo maana wakasema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Fundi Geti alimtazama Profesa kwa namna iliyonitia huruma. Alikuwa anataka kuamini. Mtu mzima, mikono yake imejaa makovu ya cheche, alikuwa tayari kushika hata uzi ule wa Profesa.

Fundi Geti: Daktari alinionyesha kwenye picha. Si mtoto.

Kinyozi: Ndiyo maana mimi nasema asubiri. Subira huvuta heri. Kuna mtu namjua ana mizizi, unachemsha, siku arobaini...

Fundi Geti: Siku arobaini? Wamempima damu, iko saba. Inatakiwa kumi na mbili. Akipanda ngazi za nyumbani anapumzika katikati kama bibi kizee. Akienda haja anarudi, hajakaa sawa anakwenda tena, kwa sababu uvimbe unabana kibofu. Usiku anaamka anafua mashuka, anadhani sisikii. Nasikia. Najifanya nimelala.

Aliyasema hayo haraka, kisha akafunga mdomo kama mtu aliyejikwaa. Nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema hapo mwaka mzima. Lingekuwa benchi la watu wenye akili, lingemwambia aende nyumbani saa ileile akamwambie mkewe. Letu lina sheria, na Mzee wa Kahawa alikuwa ameshainamisha birika kuona kilichobaki.

Mwenyekiti: Muda hautoshi. Tupige kura. Wanaosema kizazi kibaki?

Profesa akanyoosha mkono. Mwenyekiti mwenyewe akanyoosha. Mimi nikanyoosha. Ukiniuliza kwa nini, sina sababu ya kukupa. Wenzangu walinyoosha.

Mwenyekiti: Watatu. Wanaosema kiondolewe? Kinyozi, unaamka au unalala?

— Mnapigia kura nini?

Sauti ilitoka nyuma yetu. Mke wa Fundi Geti alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtaro, amevaa gauni jeusi nililomshonea mimi, mkoba ameukumbatia mbele. Hatukujua amesimama pale tangu lini. Mkono wangu ulishuka. Profesa akashusha wake polepole. Mwenyekiti akajifanya anakuna kichwa.



— Mume wangu, wanapigia kura nini?

Fundi Geti alitazama viatu vyake. Ndipo macho ya mama yule yakafika kwenye bahasha. Akasogea, akakiinua kikombe cha Profesa, akamkabidhi mwenyewe mkononi. Kikombe kilikuwa kimeacha duara la kahawa juu ya jina la mama yule. Akalifuta kwa kiganja, halikufutika, akaibana bahasha kwapani.

Nikasimama nimpishe.

Mimi: Shemeji, karibu ukae.

— Asante fundi. Nitasimama.

Niseme ukweli wangu. Hata dukani kwangu mama yule hakai. Namvutia kiti, nakipangusa, anasimama tu mlangoni mpaka nimalize. Nilikuwa nikimwambia mke wangu kwamba mke wa Fundi Geti ana maringo.

— Fundi, unajua kwa nini sikai?

Mimi: Hapana, shemeji.

— Mwaka wa tatu huu sijakaa kwenye kiti cha mtu. Ofisini nakaa juu ya mfuko wa nailoni, nimeufunika na kitambaa ili watu wasiulize. Nikiinuka, natazama nyuma kwanza ndiyo nipige hatua. Kuna siku nimemaliza pakiti nzima ya pedi kabla ya saa sita mchana. Harusi ya mdogo wangu nimeisikia kwa simu. Nikiwaambia watu, wananiambia ndivyo wanawake tulivyo, nivumilie. Nikavumilia mpaka nikaanguka kwenye ngazi.

Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. Angelia ingekuwa nafuu kwetu, tungempa pole na mambo yangeisha.

Mwenyekiti: Shemeji, hatukuwa na nia mbaya. Tulikuwa tunamsaidia mwenzetu. Ameshindwa kuamua.

— Kuamua?

Akamgeukia mumewe.

— Juzi daktari alipomaliza kutueleza, alituuliza sisi wawili. Ukasema umepigiwa simu. Hukurudi mpaka nimeshavaa viatu.

Fundi Geti: Hakukuwa na simu.

— Najua.

Fundi Geti: Niliogopa utasema kiondolewe. Na niliogopa utasema kibaki, halafu damu hiyo ikuue.

— Na mimi naogopa hivyohivyo. Nimekaa jikoni siku mbili nasubiri uniulize. Nasikia unafungua mlango, nasema sasa ataniuliza. Unakula, unalala. Leo nimeona heri nikufuate, nakuta watu wazima wamenyoosha mikono.

Kinyozi aliliondoa taulo begani, akalikunja. Ng'ambo ya barabara mteja wake alikuwa amesimama mlangoni na povu lake, anatuita kwa mkono.

— Hospitali wamepiga simu. Kitanda kimepatikana, wananilaza kesho saa mbili asubuhi, waniongeze damu kwanza. Wameniuliza jibu. Nimewapa.

Profesa, ambaye akiona kitu hakijafunuliwa tumbo linamuuma, hakujizuia.

Profesa: Umewaambia nini, shemeji?

Alitutazama mmoja mmoja, bila hasira, jinsi mtu anavyotazama foleni ambayo hana haja ya kuipanga.

— Huyu akiniuliza, nitamwambia.

Akaanza kwenda. Fundi Geti aliinuka, akamfikia kwa hatua tatu, akautwaa mkoba wake, akautundika begani. Walitembea taratibu, yeye akifupisha hatua zake ndefu zilingane na za mkewe. Walipofika kwenye ukuta wa duka la vifaa vya umeme, mama akaegemea kupumua. Fundi Geti akasimama mbele yake. Tukamwona anasema neno, fupi, hata sentensi nzima halikuwa. Mkewe akajibu, na jibu lake lilikuwa refu. Kinyozi alipanda juu ya benchi kana kwamba urefu unasaidia kusikia. Fundi Geti alisikiliza mpaka mwisho, akaufunika uso kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo. Mkewe akamshika mkono, akauteremsha, na mkono ule hakuuachia tena. Wakakata kona.

Mzee wa Kahawa alikung'uta birika mtaroni, akaanza kukusanya vikombe.

Kinyozi: Amesemaje?

Nilimtazama Profesa, maana kwa kawaida ni yeye mwenye jibu. Profesa alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anaitafuta kofia ya kalamu yake chini ya benchi, na aliendelea kuitafuta.